Shangazi, mume wangu hanisikii

Shangazi, shikamoo.

Barua hii nimeiandika mara tatu na kuichana mara mbili. Hii ya tatu naituma kabla sijageuza mawazo.

Mume wangu alikuwa askari kwa miaka 19, fundi wa magari kikosini kwake, akatoka jeshini akiwa sajenti miaka mitatu iliyopita. Alipelekwa misheni ya kulinda amani mara mbili. Ile ya pili gari lao lilikanyaga bomu la kutegwa ardhini. Vijana wawili waliokaa mbele walifariki palepale. Yeye alikuwa nyuma pamoja na koplo mmoja rafiki yake, na wote wawili walishuka kwa miguu yao wenyewe. Hakushonwa hata uzi mmoja. Aliniambia hayo siku moja tu, kwa sentensi nne hivi, na hajayarudia. Sote tulimshukuru Mungu kwamba amerudi mzima.

Nianze na mchana. Namwita, haitiki. Nikiwa chumba kingine nikamwuliza jambo, kimya. Nikirudia, anafoka: "Unanong'ona nini? Sema kama mtu!" Binti yetu mdogo mwenye kisauti chembamba ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu baba yake hamjibu kabisa, na siku hizi ameacha kumsemesha. Kaka yake ana miaka 9. Huyu nyumbani anatembea kwa ncha za vidole. Redio iko juu kutwa kucha. Usiku nikiizima anaamka kuiwasha. Tukienda penye watu wengi anatafuta kiti karibu na mlango, mgongo ukutani, na nusu saa haiishi anataka tuondoke. Nyumbani akishafunga mlango wa nje anarudi kuukagua, mara tatu, mara nne.

Usiku ndiyo balaa. Anakunywa ili alale. Zamani zilikuwa glasi mbili, sasa chupa ya pombe kali haivuki siku mbili. Analala fofofo, anakoroma, halafu kwenye saa tisa za usiku anaanza kupiga kelele, anatoa amri, anataja majina. Miezi miwili iliyopita nilimtikisa bega nimwamshe. Alinikaba koo. Haikufika dakika, akazinduka, akaniachia, akakaa sakafuni analia mpaka kukakucha. Tangu hapo nalala chumba cha watoto na hatujalizungumza. Akiwa macho hajawahi kuninyanyulia mkono, naomba uelewe hilo.

Hospitali alikwenda mara moja, baada ya kumbembeleza mwaka mzima. Daktari aliyempokea alikuwa kijana. Alipoona kwenye fomu kwamba ni mstaafu wa jeshi akatabasamu, akamwuliza, "Mzee, umeua watu wangapi?" Mume wangu alisimama akatoka. Akaniambia asisikie tena habari ya hospitali, yeye si kichaa.

Mama mkwe anasema kuolewa na askari ni kuvumilia, hata baba mkwe, naye alikuwa askari, aliishi hivyohivyo mpaka alipofariki. Shemeji yangu ndiye aliyenipa wazo: ninunue diazepamu, nisage, nimtilie kwenye kinywaji cha jioni bila yeye kujua, alale. Vidonge ninavyo, Shangazi. Viko kwenye mkoba wangu ninapoandika haya.

Nauliza mambo mawili. Je, nimpe? Na je, ana haki yoyote ya matibabu kama mwanajeshi mstaafu, wakati aliondoka kwa hiari yake na hakuna karatasi inayosema aliumia? Yule koplo humpigia simu kila mwezi. Mume wangu hapokei.

Samahani kwa urefu. Nilisahau kusema, juzi tulipokuwa tunazima taa alisema, "Ningebaki kulekule na wale vijana ingekuwa nafuu kwenu." Nadhani ilikuwa pombe.

Mke wa Sajenti

---

Marahaba, mwanangu.

Naanza ulikomalizia. Ile sentensi uliyoisahau ndiyo iliyofanya barua yako iruke foleni. Nimekuwa muuguzi miaka mingi, sehemu yake kwenye wodi ya askari, na maneno ya namna hiyo nimeyasikia kwa sauti tulivu kabisa kutoka kwa watu waliokuwa wameshaamua. Si kila anayeyasema atatenda. Lakini mtu aliyeanza kujiona mzigo nyumbani kwake mwenyewe hatumwachi tukasingizia pombe. Pombe ndiyo kwanza inaondoa breki.

Kwa hiyo leo, kabla hajanywa, kaa naye, mtazame usoni, mwulize hivi: "Uliposema vile juzi, ulikuwa unafikiria kujiua?" Usizungushe. Usiseme "huna mawazo mabaya, sivyo?", maana hapo umeshamjibia. Wengi wanaogopa kwamba ukilitaja neno lenyewe utampandia wazo. Sivyo. Mwenye wazo hilo hupumua anapoona kuna aliyethubutu kuuliza, na asiye nalo atakuambia hana. Akikubali, mwulize amewaza kutumia nini, na lini. Akiwa na majibu ya maswali hayo, asiachwe peke yake, na usiku huohuo mpelekeni kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu, ya jeshi au ya raia, usianze kuchagua. Akisema hana wazo hilo, mshukuru kwa kukujibu, na mwambie utamwuliza tena.

Hukusema kama kuna silaha nyumbani. Kama ipo, itoke, ikatunzwe na anayeruhusiwa kisheria kuitunza. Dawa za kuulia wadudu na akiba za vidonge nazo zitoke. Wimbi la kutaka kufa mara nyingi hupanda na kushuka ndani ya muda mfupi, na wengi wamebaki hai kwa sababu tu lilipopanda hawakukuta kitu karibu.

Hapo pia ndipo vidonge vya mkobani vinapoingia. Usimpe, hata nusu. Diazepamu na pombe vyote viwili hudidimiza pumzi, na wewe mwenyewe umesema anakunywa pombe kali kisha anakoroma. Unaweza kuamka ukamkuta hapumui, na aliyemtilia ni wewe. Hata pasipo pombe, miongozo ya tiba ya kiwewe cha vita inawataka madaktari wakae mbali na dawa za jamii hiyo, kwa sababu hazigusi ugonjwa wenyewe na mtu huzizoea upesi akashindwa kuziacha. Halafu kuna hili, ambalo kwangu mimi lingetosha peke yake: unaishi na mtu ambaye kichwa chake kinatafuta mtego kila saa. Siku akigundua kilichokuwamo kwenye glasi, utakuwa umemthibitishia kwamba alikuwa na haki ya kukagua mlango mara nne. Virudishe dukani kesho. Shemeji yako nadhani alikutakia mema, namwacha hapo.

Wala usimwage pombe yake, hata siku hasira zikikushika. Mwili uliozoea kiasi hicho kila siku ukikatiwa ghafla unaweza kuanza kutetemeka na kutoka jasho, kupata degedege ndani ya siku mbili za kwanza, na kwa baadhi ya watu, kati ya siku ya pili na ya nne, kuchanganyikiwa na kuona visivyokuwepo. Watu hufa kwa hilo. Pombe ya kiasi hicho hupunguzwa kwa mpango wa daktari. Ila kuna jambo ambalo wanaokunywa ili walale huwa hawaambiwi: pombe hukulaza haraka na kuzizima ndoto mwanzoni mwa usiku, kisha ikianza kuisha mwilini zile ndoto zilizozuiwa hurudi kwa fujo. Ndiyo saa tisa yako hiyo. Anakunywa kulikimbia jinamizi, na jinamizi kwa sehemu linatoka kwenye chupa ileile.

Sasa masikio. Umeniandikia kirefu habari za mume asiyekujibu, na sikuona popote kwamba amewahi kupimwa masikio. Mlipuko chini ya gari ni pigo la hewa. Unaweza kuitoboa ngoma ya sikio, ambayo mara nyingi huziba yenyewe, lakini ndani zaidi kuna chembe ndogo zenye vinyweleo ambazo ndizo zinazopokea sauti, na kwa binadamu zikishakufa hazioti tena mpya. Juu ya hapo weka miaka 19 ya bunduki na injini. Zinazopotea kwanza ni sauti nyembamba: s, f, t, k, sh. Chukua maneno "saa", "taa", "kaa" na "faa", uyatoe herufi ya kwanza, uone kinachobaki. Hicho ndicho anachokipata mume wako. Anasikia kwamba kuna mtu anaongea, hapati kinachosemwa, ndiyo maana anadhani unanong'ona. Sauti nzito ya mwanamume aliyekaa mbele yake anaipata vizuri tu, nawe ukiona anaongea na wageni bila shida unazidi kuamini kwamba anakudharau wewe. Kisauti cha binti yake kutoka chumba cha pili hakimfikii kabisa.

Na redio ya usiku nayo ina maelezo. Waliopigwa na mlipuko wengi hubaki na mlio ndani ya masikio, kama filimbi isiyopumzika. Mchana kelele za nyumba huufunika. Ukizima redio usiku unamwacha peke yake na filimbi yake. Huko Marekani mlio huu ndio ulemavu unaolipiwa fidia kwa wastaafu wengi wa jeshi kuliko mwingine wowote, na kupungukiwa usikivu nako ni miongoni mwa yanayolipiwa zaidi. Huwezi kulijua hilo kwa kutazama picha za mashujaa magazetini, maana mguu wa bandia unapigika picha na sikio bovu halipigiki.

Sisemi kila kitu ni masikio. Yale ya mlango, ya kukaa mgongo ukutani, ya majina usiku, hayatoki sikioni. Ninachosema ni kwamba mume wako hatakubali kwenda hospitali kwa ajili ya akili yake, si mwezi huu, lakini masikio hayana aibu. Kupima masikio si ukichaa. Na mtu akishakuwa ndani ya jengo, mbele ya mtaalamu anayemwuliza kwa heshima "mlio ulianza lini?", jibu la kweli ni kutaja lile gari. Nimeona hadithi nyingi zikianza kusimuliwa kwa njia hiyo, mtu kavaa vipokea sauti kichwani, anajibu maswali ya kawaida kabisa. Waombe pia waangalie kama kichwa kilitikiswa na mlipuko, maana hilo nalo huacha maumivu ya kichwa, usahaulifu na hasira za karibu bila jeraha lolote la nje. Na wausikilize mkoromo wake, kwa sababu kuna wakoromaji ambao pumzi hukatika usingizini mara nyingi kila usiku, na hilo lina tiba yake.

Wa kumpeleka si wewe. Ni yule koplo. Unasema simu zake hazipokelewi, na mimi nina mashaka mawili: kwamba sauti ya koplo humrudisha garini, na kwamba kwenye simu, pasipo midomo ya kutazama, mume wako hasikii kitu na anaona haya kusema "rudia" mara sita. Mpigie wewe. Mweleze yote, na lile la juzi usimfiche. Kisha mwulize yake, masikio yake yakoje? Alikuwa kwenye gari lilelile, umbali uleule. Mwombe aje mwenyewe nyumbani na amwambie mwenzake, "Nakwenda kupimwa masikio, nisindikize." Hii si hila kama ya vidonge, kwa sababu koplo anakihitaji kipimo hicho kweli. Askari niliowauguza walikuwa wabishi kupokea msaada kuliko watu wote niliowahi kuwatandikia kitanda, lakini mwenzao wa kikosi akisema "twende", mtu alikuwa anafunga kamba za viatu kabla hajauliza wapi.

Jambo hili lilishawashinda hata wenye fedha nyingi. Baada ya vita vya Vietnam, maelfu ya Wamarekani waliopigana kule hawakutaka kukanyaga hospitali kubwa za serikali zilizojengwa kwa ajili yao. Mwaka 1979 Bunge lao likaidhinisha vituo vidogo vya ushauri, vikafunguliwa kwenye mitaa ya kawaida nje ya hospitali, na wengi waliowekwa kupokea watu mlangoni walikuwa wamepigana wenyewe. Vipo mpaka leo, na wake na watoto huhudumiwa pia. Kwa hiyo uliza kama kuna chama cha wastaafu wa jeshi kinachokutana karibu nanyi. Usitarajie atazungumza siku ya kwanza. Akikaa tu kwenye chumba ambacho kila mtu anataka kiti cha karibu na mlango, tayari ameshapumzika.

Yule daktari kijana amenikera mpaka nikaiweka barua kando. Swali lile haliulizwi. Halina kazi yoyote kwenye tiba, na kwa aliyepoteza wenzake wawili na kujiona mwenye hatia ya kubaki hai, ni kofi. Kwa niaba ya watu wa kazi yangu naomba radhi, na mfikishie. Mkienda tena, una haki ya kumwomba mhudumu mwingine, na inasaidia kuandika kikaratasi mapema ukakikabidhi mapokezi: "Ni askari mstaafu, alipatwa na mlipuko, hasikii vizuri, tafadhali asiulizwe habari za vita mbele za watu."

Ugonjwa ninaouhisi, ambao daktari ndiye atakayeuthibitisha, faili litauandika kwa herufi nne, PTSD. Ni kiwewe ambacho hakikuondoka baada ya hatari kuondoka: tukio linajirudia usiku, mtu anakwepa kila kinacholikumbusha, anakuwa macho muda wote, na moyo unakufa ganzi kwa watu anaowapenda. Mwambie mama mkwe, kwa adabu, kwamba hata mwaka 1915 daktari Mwingereza Charles Myers aliwaandika kwenye jarida la Lancet askari waliorudi kutoka kwenye mizinga wakiwa hawana jeraha lakini hawaoni vizuri na hawakumbuki. Ila jina la sasa liliingia kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980. Baba mkwe wako alivumiliwa kwa sababu waliomzunguka hawakuwa na kingine cha kumpa. Kwa mtoto wake kipo.

Tiba zilizothibitika zaidi ni za mazungumzo, na simaanishi kupiga soga. Ni vikao vyenye mpango, mara nyingi kati ya 8 na 15, ambamo mtu hulirudia tukio kidogokidogo akiwa na aliyefunzwa kazi hiyo, au huchambua yale aliyojiaminisha, kama vile "ningekaa mbele mimi wangepona wao". Zipo pia dawa za kila siku kama sertralini, ambayo huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake, kwa hiyo asiitupe baada ya siku tano. Tena awaambie ukweli kuhusu pombe. Hakuna atakayemfukuza.

Tuje kwenye haki zake. Kuondoka jeshini kwa hiari si kufukuzwa. Katika nchi nyingi kinachoangaliwa ni kama tatizo limetokana na utumishi, na kukosa cheti cha kushonwa nyuzi hakufuti dai. Tena ninyi mna ushahidi mzito kuliko unavyodhani. Wanajeshi wawili walikufa, kwa hiyo tukio hilo liliandikwa, na ndani ya taarifa lazima wametajwa waliokuwa kwenye gari. Omba nakala. Tafuta cheti chake cha kutoka jeshini, namba yake ya utumishi, tarehe za misheni zote mbili. Majeshi mengi hupima masikio wakati wa kuandikishwa na wakati wa kuondoka. Karatasi hizo mbili zikilinganishwa na kipimo kipya zitaongea zenyewe. Koplo aandike maelezo yake, asaini, aweke tarehe. Na wewe andika ya kwako, kwamba kabla ya misheni alikuwa hivi na baada yake yuko hivi, bila kupamba. Nakala halisi zisitoke mkononi mwako.

Muda wa kudai hutofautiana mno. Marekani hakuna ukomo wa kuwasilisha dai la ulemavu. Uingereza, kwa walioumia kuanzia Aprili 2005, kwa kawaida ni miaka 7, na kuna visa vinavyosamehewa. Kwa hiyo usiseme "tumechelewa" wala "bado tunao muda" kabla hujauliza ofisi inayoshughulikia wastaafu wa jeshi lenu. Na ikiwa misheni ilikuwa ya Umoja wa Mataifa, ujue kwamba fidia ya kuumia au kufa hupitia serikali iliyomtuma askari, haiombwi na familia moja kwa moja. Wakikukatalia, taka sababu kwa maandishi. Karani akikuambia kwa mdomo tu kwamba haiwezekani, hajakukatalia bado.

Kuhusu usiku, hukufanya kosa kuhamia chumba cha watoto, na ubaki hukohuko kwa sasa. Akianza kupiga kelele usimshike. Washa taa, simama mbali, miguuni mwa kitanda au mlangoni, mwite kwa jina lake kwa sauti nzito kadiri uwezavyo, mwambie yuko wapi na wewe ni nani. Kumbuka masikio yale. Kumwita kwa upole gizani hakumfikii. Lile la kukabwa lizungumzeni mchana, kwa sababu nina hakika analibeba zaidi yako. Mwambie unajua alikuwa usingizini. Lakini nikueleze bila kificho: ikitokea akakushika hivyo akiwa macho, hilo ni jambo jingine, unachukua watoto na kuondoka kwanza, maswali ya ugonjwa yanafuata baadaye.

Yule wa miaka 9 mweleze kwamba baba aliumizwa na mlipuko, masikio na usingizi, na si kosa la mtoto yeyote humu ndani. Watoto wasipoelezwa hujipa lawama wenyewe. Binti naye mfundishe kumgusa baba mkono kwanza, akiwa macho, asimame mbele yake, ndipo aseme. Atashangaa.

Majirani wanaouliza wasaidieje, waambie wasimpe sifa, wampe gari bovu. Fundi ni fundi. Nimewahi kumwona fundi mwenye masikio mabovu akiegemeza bisibisi kwenye injini na mpini wake kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akataja kinachogonga.

Na barua hii usimfiche. Kama unaona haya kumpa yote, mpe ile sehemu ya masikio aisome mwenyewe, taratibu, mahali penye mwanga. Kusoma hakuhitaji kusikia.

Shangazi